Jinja ilianguka namna gani, na kwa nini inatuhusu sisi wa Koboko

Mwezi huu zamu ya insha ya historia ilikuwa yetu hapa upande wa Koboko. Tulikuwa tumepanga mada nyingine kabisa, lakini ugomvi mmoja ukatubadilishia.

Ilikuwa kwenye bomba la maji. Foleni ndefu, jua kali, maji yanatoka kidogo kidogo. Kijana mmoja mwenyeji akasema wakimbizi wamejaa, wanachukua kazi zote, wangerudishwa kwao ndipo Koboko ingepumua. Mwenzetu mmoja, ambaye mdomo wake hauna breki, akamjibu: "Ninyi ndio wa kusema? Si mtu wenu wa hapa hapa ndiye alifukuza Wahindi akaua viwanda vya Jinja?" Karibu washikane mashati. Mama mmoja akaweka jerikani yake katikati yao akawaambia, kama mna nguvu za kupigana, chukueni hii mnipelekee nyumbani. Watu wakacheka, yakaisha.

Lakini kwetu hayakuisha. Jioni tulikaa kikundi kizima, tukaulizana: huko Jinja kulitokea nini hasa? Kumbe kila mtu alikuwa na sentensi moja tu: "Amin alifukuza Wahindi, uchumi ukafa." Baada ya hapo, kimya. Basi tukaanza kusoma vitabu tulivyoweza kupata, na kuwauliza wazee. Haya ndiyo tuliyoyapata. Tunasema mapema: kijana wa kwanza alikosea, na mwenzetu pia alikosea.

JINJA ILIKUWA NANI

Jinja iko pale ambapo mto Nile unatoka ziwa Victoria. Jina lenyewe linatokana na neno la mawe, kwa sababu ya mawe na maporomoko yaliyokuwa pale. Mwaka 1901 Waingereza walihamishia makao yao ya Busoga hapo. Mwaka 1912 ikajengwa reli fupi kutoka Jinja mpaka Namasagali ili kubeba pamba. Mwaka 1930 mfanyabiashara Muljibhai Madhvani akafungua kiwanda cha sukari Kakira, karibu na mji. Mwaka 1931 reli kubwa ikavuka Nile mpaka Kampala, kwa hiyo Jinja ikawa njiani kati ya Kampala na bandari ya Mombasa.

Kisha ikaja nguvu ya umeme. Tarehe 29 Aprili 1954 Malkia Elizabeth wa Pili wa Uingereza alifungua bwawa la Owen Falls, lenye mashine za kutoa megawati 150. Kwa wakati ule huo ulikuwa umeme mwingi kuliko Uganda ilivyoweza kutumia, mpaka mwingine ukauzwa Kenya. Viwanda vikafuata umeme kama nzi wanavyofuata embe. Kiwanda cha nguo cha Nyanza, ambacho watu wote wanakiita Nytil. Kiwanda kingine cha nguo, Mulco. Kiwanda cha bia. Kiwanda cha sigara, ambacho kilikuwepo hata kabla ya bwawa. Na kiwanda cha kuyeyusha shaba: shaba ilichimbwa Kilembe, chini ya milima ya Rwenzori, ikapakiwa kwenye treni Kasese, ikasafiri nchi nzima kuja kuyeyushwa Jinja, halafu ikaenda Mombasa kupanda meli.

Angalieni vizuri namna mambo yalivyoshikana. Mkulima wa Busoga au wa Lango analima pamba. Kiwanda cha kuchambua kinaondoa mbegu. Mbegu inakamuliwa mafuta, mafuta yanatengenezwa sabuni. Pamba inakwenda Nytil, inakuwa kitambaa, kitambaa kinakuwa yunifomu ya mtoto wa shule. Treni inabeba, umeme unazungusha, duka linauza, benki inakopesha. Jinja ilikuwa kama mnyororo wa baiskeli. Kila kipande ni kidogo, lakini kikikatika kimoja unashuka na kusukuma.

NA SISI WA UPANDE HUU?

Hapa ndipo wengi wetu tulishangaa. West Nile ilikuwa ndani ya mnyororo huo tangu zamani, lakini mwishoni kabisa. Serikali ya kikoloni iliiona West Nile kama mahali pa kuchukua watu wa kazi. Walugbara, Waalur na wengine walikuwa wakienda kusini kwa miguu, kwa lori na kwa meli ya mto, kukata miwa Kakira na Lugazi. Wengine wakaingia jeshi la King's African Rifles, ambalo lilikuwa na kambi Jinja. Wengine wakalima tumbaku hapa hapa, ikanunuliwa na kupelekwa kusini kuwa sigara.

Mzee mmoja jirani yetu alituambia kwamba baba yake alirudi kutoka Kakira na vitu vitatu: baiskeli, blanketi, na kidole kimoja pungufu. Tulicheka, yeye hakucheka. Akasema, "Jinja tuliijenga na sisi. Lakini hakuna kiwanda kilichopanda kuja huku." Na kweli, hata reli ya kaskazini ilifika Pakwach mwaka 1964 ikasimama pale. Arua haikuiona.

Kwa hiyo mtu akisema "watu wa Koboko waliua Jinja", akumbuke kwamba wengi wa watu hawa walikuwa vibarua wake.

KASORO ILIKUWA NDANI TANGU MWANZO

Tusiseme kama Jinja ilikuwa peponi. Kazi ilipangwa kwa rangi. Wazungu walishika serikali na vyeo vya juu. Waasia, ambao wengi tunawaita Wahindi, walishika maduka, viwanda vya kuchambua pamba, na kazi za fundi mkuu na karani wa hesabu. Mwafrika alilima, alibeba, alikata. Kwa miaka mingi Mwafrika hakupata nafasi ya kuchambua pamba yake mwenyewe wala kuiuza nje. Mwaka 1949 watu wa Buganda walifanya ghasia, na moja ya madai yao lilikuwa hilo hilo: tuachieni pamba yetu. Mwaka 1959 wakagomea maduka ya Waasia. Hata serikali ya Obote, mwaka 1969, ilitunga sheria ya leseni iliyowabana wafanyabiashara wasio raia.

Yaani hasira ilikuwepo, na ilikuwa na sababu. Serikali ilikuwa na kazi ya kufungua mlango ili Mwafrika naye ajifunze kuendesha kiwanda, apate mkopo, amiliki. Hiyo ni kazi ya miaka mingi. Akaja mtu aliyetaka kuimaliza kwa miezi mitatu.

SIKU 90

Idi Amin alikuwa Mkakwa, na ukoo wake ni wa Koboko hapa. Alichukua serikali Januari 1971. Tarehe 4 Agosti 1972, akiwa Tororo, alitangaza kwamba Waasia wenye pasipoti ya Uingereza waondoke ndani ya siku 90. Baadaye amri ikapanuka, na hata wengine waliokuwa raia wa Uganda wakanyang'anywa uraia wao kwa sababu ya karatasi. Mwisho ulikuwa tarehe 8 Novemba. Aliita jambo hili "vita vya uchumi", na watu wengi walishangilia barabarani. Hilo nalo tuseme, kwa sababu ni rahisi leo kujifanya kwamba alikuwa peke yake.

Watu kama 50,000 waliondoka. Zaidi ya 27,000 walikwenda Uingereza, maelfu wengine Kanada, India na kwingine. Familia iliruhusiwa kutoka na pesa kidogo tu, kama paundi 50, na mizigo michache. Huko Uingereza wengi walipokelewa kwenye kambi 16, nyingine zikiwa kambi za zamani za jeshi, wakala kwa foleni na kusubiri kuitwa majina. Tuliposoma hapo, mwenzetu yule wa bombani alinyamaza kabisa. Yeye alikuwa amewaita "Wahindi matajiri". Hakuwa amefikiri kwamba walikuwa wakimbizi kama sisi, wenye foleni kama yetu.

Mali zao zikagawanywa: biashara na mashamba zaidi ya 5,000. Nyingi ziliangukia askari na marafiki wa serikali. Watu waliotajirika ghafla wakaitwa "mafuta mingi", na jina hilo wazee wanalikumbuka mpaka leo.

KWA NINI MASHINE ILISIMAMA WAKATI IKO PALE PALE?

Hili ndilo swali lililotusumbua zaidi. Kiwanda hakikubebwa kwenda Uingereza. Bwawa lilibaki, reli ilibaki, miwa ilibaki shambani. Wafanyakazi maelfu walibaki. Kwa nini basi?

Jibu tulilipata nyumbani kwetu. Wengine mnakumbuka kikundi chetu kilikuwa na mashine ya kusaga unga. Fundi wake alikuwa mwenzetu mmoja tu. Akapata safari ya kwenda Kanada, tukamsindikiza kwa nyimbo. Wiki tatu baadaye mashine ikaanza kupiga kelele. Beringi ilikuwa imekwisha. Tukaenda Arua kununua, tukaleta namba isiyo yenyewe, tukailazimisha kuingia, shafti ikapinda. Baadaye tukajua kwamba kulikuwa na duka moja Arua ambalo lilikuwa linampa spea kwa mkopo, kwa sababu walimwamini yeye. Sisi walituomba pesa taslimu. Mashine iko pale mpaka leo, kuku wanataga chini yake. Tulirithi chuma. Ujuzi na uaminifu vilipanda ndege pamoja na mwenyewe.

Sasa zidisheni hiyo mara mji mzima. Aliyejua kuagiza spea ya mashine ya kufuma kutoka ng'ambo, hayupo. Aliyekuwa na jina zuri benki, hayupo. Mwalimu wa ufundi, daktari, mhasibu, hayupo. Mwenye duka mpya hajui alinunua bidhaa kwa bei gani, anauza zile zilizomo kwenye rafu, zikiisha anafunga. Wazee wanasimulia kwamba wengine walikuwa wanamuuliza mteja: zamani ulikuwa unalipa ngapi?

Kakira ni mfano mkubwa. Manubhai Madhvani, mmoja wa wenye kiwanda, alifungwa gerezani kwanza, kisha akaondoka nchini. Serikali ikachukua kiwanda. Miaka michache ilisukumwa na yale yaliyobaki, halafu kikashuka mwaka hadi mwaka, mpaka mwanzoni mwa miaka ya 1980 sukari ya Uganda ilikuwa karibu haipo. Nchi iliyokuwa inauza sukari ikawa inapanga foleni ya sukari.

MIKATIKO MINGINE

Lakini mwalimu wetu mmoja wa historia alituonya: mkiishia 1972 mtakuwa mmesoma nusu. Mnyororo ulikatika sehemu nyingi.

Kwanza, mkulima. Serikali ilimlipa mkulima wa pamba bei ndogo, tena kwa kuchelewa, tena kwa shilingi isiyonunua kitu. Naye hakugoma kwa kelele, aliacha tu kulima pamba akalima muhogo na maharage ya kula. Karibu na mwaka 1970 Uganda ilikuwa inapata zaidi ya marobota 400,000 ya pamba kwa mwaka. Miaka kumi baadaye hayakufika 100,000. Nytil itafuma nini?

Pili, fedha za kigeni. Kahawa ndiyo ilibaki kuleta dola, na dola nyingi zilikwenda kwa jeshi. Nyingine ya kahawa ilipita mpakani kwa magendo. Spea hazikununuliwa.

Tatu, jirani. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika. Shirika la reli likagawanyika. Jinja ilikuwa imejengwa kwa ajili ya soko la nchi tatu na bandari ya Mombasa, si kwa ajili ya Uganda peke yake.

Nne, vita. Mwaka 1979 majeshi ya Tanzania pamoja na Waganda waliokuwa uhamishoni walimwondoa Amin. Kampala ilianguka tarehe 11 Aprili, na Jinja siku chache baadaye. Uporaji ukafuata katika miji mingi. Kilembe nayo ikasimama kuchimba mwanzoni mwa miaka ya 1980, na kiwanda cha shaba Jinja kikabaki bila shaba.

Tano, na hii wengi hawaisemi: mji ulianguka hata mara ya pili, wakati wa amani. Baada ya 1986 Waasia waliitwa warudi na kupewa mali zao. Familia ya Madhvani ilirudi na kuifufua Kakira, na leo ni kati ya viwanda vikubwa vya sukari nchini. Hilo ni jema. Lakini viwanda vya serikali viliuzwa, wafanyakazi wakapunguzwa, na mipaka ikafunguliwa kwa bidhaa za nje. Mitumba ikaingia kwa marobota. Nytil iliuzwa mwaka 1996, ikafanya kazi tena kwa jina jipya, lakini itashindana namna gani na shati la mtumba la bei ya soda mbili? Reli ikachoka, mizigo ikahamia kwenye malori, na mwekezaji mpya akaona afadhali akae Kampala karibu na wateja. Umeme unafika kila mahali kwa waya, kwa hiyo kukaa karibu na bwawa si faida tena kama zamani.

Kwa hiyo nani aliua Jinja? Mtu mmoja alikata kipande kikubwa cha mnyororo kwa makusudi, na hilo lisifichwe. Lakini waliokuja kabla yake walikuwa wameutengeneza ukiwa dhaifu, ukishikwa na mikono michache, na waliokuja baada yake waliuacha upate kutu.

BILI ILIKUJA KOBOKO

Sasa turudi kwa mwenzetu wa bombani na neno lake "mtu wenu".

Mwaka 1979 watu wengi wa hapa walikimbia kwa kuogopa kulipizwa kisasi kwa jina la Amin. Oktoba 1980 askari wa zamani wa Amin walirudi kutoka Sudan na Zaire wakashambulia Koboko na Arua. Jeshi la serikali lilipojibu, liliwaadhibu raia. Tarehe 24 Juni 1981 watu waliuawa hata kwenye misheni ya Ombaci, karibu na Arua, mahali walipojificha. Sehemu kubwa ya West Nile ikabaki tupu. Mtu ambaye hakupata duka la Mhindi, hakupata kiwanda, hakupata hata reli, ndiye alilipa bili.

Na walikimbilia wapi? Sudan ya kusini na Zaire. Yei, Kaya, Aru, Ariwara. Yaani kwetu. Babu zetu waliwapa viwanja vya kulima. Leo sisi tuko Lobule kwenye ardhi ya wajukuu zao. Kusema "ninyi mliua Jinja" kwa watu hawa ni kusoma historia na jicho moja.

Na kwa ndugu yetu mwenyeji tunasema hivi, kwa heshima. Mwaka 1972 watu waliambiwa kwamba mgeni akitoka, kazi yake inabaki mezani inakusubiri. Haikubaki. Ilitoka naye, ikachukua na kazi ya aliyekuwa anamuuzia, aliyekuwa anambebea, na aliyekuwa anamlimia. Mama wa Kikongo anayeuza samaki wa kukausha hapa sokoni anawapa kazi mwenye boda, mwenye chumvi, mwenye mifuko na mwenye kibanda. Wengi wao ni wenyeji. Akifukuzwa, meza yake mtaipata. Samaki hamtawapata.

NA SISI WENYEWE

Kuna somo letu pia. Kambi yetu nayo imeegemea sana mguu mmoja, ambao ni msaada. Mgao wa chakula ulipopunguzwa mwaka 2023, soko liliyumba mara moja: aliyekuwa anauza nyanya hakuuza, aliyekuwa anasaga hakusaga. Hatulaumu mtu, tunaeleza tu tulivyoona. Kwa hiyo ninyi mnaofanya kazi kwenye mashirika, ombi letu ni dogo. Mkileta mashine, msifundishe fundi mmoja, fundisheni watano, na wawili wawe wenyeji. Tupelekeni mpaka kwenye duka la spea, mtujulishe kwa mwenye duka. Mradi ukiisha, uaminifu huo utabaki.

Tarehe 1 Julai 2020 Arua na Jinja zilipewa hadhi ya jiji siku moja. Mwaka 2024 umeme wa gridi ya taifa ukafika Arua, miaka 70 baada ya Malkia kufungua lile bwawa. Watu wanasema sasa viwanda vitakuja. Tunaomba vije. Vikija, tuulize mapema: nani atajua kuvitengeneza vikiharibika?

Jumamosi tuliisoma rasimu ya insha hii mbele ya vijana wote wawili. Yule mwenyeji alisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema babu yake alikata miwa Kakira miaka sita. Tumekaa naye jirani miaka yote hii, hatukujua. Mwenzetu akamwomba siku moja ampeleke kwa huyo mzee wakamsikilize. Wanakwenda Jumapili baada ya ibada.

Swali letu kwenu: katika ukoo wako, nani aliwahi kufanya kazi kwenye kiwanda au mgodi uliofungwa, iwe Jinja, Kilembe, Kilo-Moto au kwingine? Muulize ulifungwa namna gani, halafu tuandikie.

Ni sisi wenzenu wa Koboko.